Mashine Haijui Ngeli: Wasomaji Wauliza kuhusu Insha, Simu na Kompyuta

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na nyingi zinazunguka jambo moja: vipi simu, kompyuta na vishikwambi vitamsaidia mwanafunzi aandike vizuri, na mwalimu asahihishe bila kukesha. Tumezifupisha kidogo.

Salaam aleykum, ndugu wahariri. Nafundisha gredi ya 8 hapa Faza. Wanafunzi ni 52, na kila wiki mbili wanaandika insha. Nasahihisha hadi usiku wa manane. Siku ya kurudisha, mtoto anatazama alama, anakunja karatasi, basi. Insha ijayo makosa ni yale yale. Shule ina projekta na kipakatalishi kimoja, nami nina simu yangu. Wanafunzi hawana simu. Hapo teknolojia itanifaa nini? — Mwalimu, Faza

Waaleykum salaam, mwalimu. Tuanze na hesabu. Insha 52 kwa dakika 8 kila moja ni dakika 416, karibu saa saba. Kama baada ya saa saba hizo hakuna mtoto aliyeandika upya hata aya moja, kazi imepotea, iwe umetumia kalamu nyekundu au kompyuta ya bei ghali. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kifaa, ondoa alama kwenye karatasi.

Hili si wazo letu tu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya nchini Israeli kwa wanafunzi wa darasa la 5 na la 6. Kundi moja lilipewa maoni bila alama, la pili alama bila maoni, la tatu vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio walioendelea vizuri. Waliopata vyote viwili hawakuwa na nafuu kama hiyo, kwa maana alama ilifunika maneno. Basi alama ziandike kwenye daftari lako na uzisome darasani baada ya watoto kuandika upya. Watalalamika wiki mbili za mwanzo.

Sasa simu yako. Usisahihishe kila kosa. Soma insha zote 52 mfululizo, dakika tatu kila moja. Kila karatasi iwekee ishara mbili tu ambazo watazikuta hata katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne: mistari miwili chini ya kosa la sarufi na mstari mmoja chini ya kosa la hijai (tahajia), na kila kosa lipigwe mara ya kwanza pekee. Unaposoma, chagua vipande vitatu vya aya: kimoja kilichoandikwa vizuri, kimoja chenye kosa ambalo nusu ya darasa wanalo, na kimoja ambacho hoja imepotea njiani. Vipige picha.

Picha za karatasi huharibika kwa sababu mbili, kivuli cha mkono wako na taa ya juu. Weka karatasi mezani karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni, simu iwe sambamba na karatasi, na taa ya kamera uizime. Jina la mtoto lifunike kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Ukilikata baadaye ndani ya simu, kuna siku utasahau. Usiiunge simu na projekta moja kwa moja ukategemea itafanya kazi, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la kuchajia hata ukinunua waya wake. Hamishia picha kwenye kipakatalishi kwa waya wa kawaida, kisha ndicho ukiunge na projekta. Dirishani funika leso mbili tatu. Projekta ya shule haishindani na jua la Faza la saa nne asubuhi.

Darasani onyesha vipande hivyo kwa dakika 15, wanafunzi wenyewe waseme kipi kinaeleweka na kipi hakieleweki na kwa nini. Dakika 20 zinazofuata, kila mmoja aandike upya aya moja ya insha yake. Aya hiyo ndiyo utakayoisahihisha kwa makini, na aya 52 si insha 52.

Kwa wale wanaohitaji zaidi, tumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwenye simu ya mzazi. Wanafunzi kumi kwa kila insha watosha. Baada ya insha sita umewazungukia wote. Sekunde 90 zisizidi, nazo zigawe hivi: 20 za kutaja sentensi moja iliyokaa vizuri (isome kama alivyoiandika), 50 za kueleza jambo moja la kurekebisha, na 20 za kusema la kufanya: "Andika upya aya ya tatu, uanze na sababu kabla ya matokeo." Ukitaja mambo manne, mtoto hashiki hata moja. Ujumbe wa urefu huo hauli hata megabaiti moja. Utume kwa mzazi peke yake, si kwenye kundi la darasa. Kusoma udhaifu wa mtoto wa mtu mbele ya kijiji kizima ni kumvunjia heshima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, kwa hiyo mwombe mzazi mapema.

Shikamooni. Niko kidato cha tatu, Malindi. Nikiandika insha kwenye simu ya dada, maneno sahihi yanapigwa mstari mwekundu, na mengine simu inayabadilisha yenyewe. Lakini mwalimu akisoma anakuta makosa ambayo simu haikuyaona. Niiamini ipi? — Mwanafunzi, Malindi

Marahaba, mwanetu. Mwamini mwalimu.

Kuna matatizo mawili hapa. Maneno kujibadilisha ni kwa sababu kibodi imewekwa Kiingereza, na kila neno la Kiswahili inalidhani ni Kiingereza kilichokosewa. Kama simu inatumia Gboard, yaani kibodi ya Google, bonyeza koma kwa muda hadi ipatikane alama ya gurudumu lenye meno, ingia kwenye mipangilio, chagua lugha, ongeza kibodi, tafuta Kiswahili cha Kenya. Mwombe dada ruhusa kwanza, kwani ni simu yake. Hapo hapo kwenye mipangilio unaweza kuzima urekebishaji wa kiotomatiki na kubakisha mapendekezo tu.

Mstari mwekundu ni hadithi ndefu zaidi. Kikagua tahajia hulinganisha neno lako na orodha yake ya maneno. Kwa lugha ambayo kitenzi kina sura chache, orodha inatosha. Kitenzi cha Kiswahili hakina mwisho. Chukua "andika": nafsi 6, nyakati 4 (na, li, ta, me) na watendwa 6, tayari una sura zinazokaribia 144, na hatujagusa ukanushi, ngeli, wala kauli za kutendea na kutendwa. Ndiyo maana "watakapotuandikia" laweza kupigwa mstari hali halina kosa.

Na upande wa pili, kikagua hutazama neno moja moja. "Kitabu yangu" ni maneno mawili yasiyo na dosari yakiwa mbalimbali, kwa hiyo mashine inanyamaza. Upatanisho wa kisarufi hauko ndani ya neno, uko baina ya maneno, na huko mashine nyingi za tahajia hazifiki.

Kuna njia ambayo haihitaji programu yoyote mpya. Fungua insha yako, nenda kwenye kutafuta neno (kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F kwa pamoja), andika "ya" ukiacha nafasi kabla na baada yake. Kila inapotokea, tazama nomino iliyotangulia. "Ya" ina wenyewe: nyumba ya, miti ya, magari ya, maji ya. Ukikuta "kitabu ya" au "mtoto ya", umelinasa kosa. Halafu tafuta "za" kwa mtindo huo huo; ukikuta "vitu za", ujue ni "vya". Mwisho tafuta haya, moja baada ya jingine: "kwasababu", "kwamfano", "hatahivyo", "ambae", "nae". Matatu ya mwanzo ni maneno yaliyogandana, mawili ya mwisho yamepoteza "y". Insha ya maneno 400 inakaguliwa hivi kwa dakika kumi.

Jingine ambalo hukuuliza. Karatasi ya Insha ya KCSE ni saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, kwa mkono, bila kutafuta wala kufuta. Andika kwenye simu siku za mazoezi ya kurekebisha, lakini angalau insha moja kila wiki iandike kwa kalamu, saa iko mezani. Mkono uliozoea kioo huchoka ukurasa wa tatu.

Ukipenda kuandika kwa kusema, kibodi na Google Docs (programu ya kuandikia mtandaoni) zinaelewa Kiswahili, na husaidia mtu mwenye mawazo mengi na mkono mzito. Ila Google Docs haipokei amri za vituo kwa Kiswahili, kwa hiyo utapata aya nzima bila nukta wala koma. Kuitia vituo mwenyewe ni zoezi zuri kuliko linavyosikika.

Salaam. Mtoto wangu aliandika, "Paka alikuwa tini ya kitanda, bibi akateka sana." Mwalimu wake si mtu wa huku, kazungushia nyekundu. Kompyuta ya shule haikuona kosa lolote. Sisi nyumbani ndivyo tusemavyo. Nani kakosea? — Mama wa mwanafunzi, Langoni, Lamu

Mama, hakuna aliyekosa adabu hapo ila kompyuta, nayo haikujua. "Tini" imeijua kama tunda, na "akateka" imeijua kama kuteka maji kisimani. Msomaji wa Nakuru atamwona bibi na ndoo kamba mkononi, kumbe bibi anacheka! Na "ndoo" yenyewe ni mtego wa tatu: mtoto wa Lamu akiandika "ndoo hapa" anaita mtu, mashine inaona chombo.

Kiamu, lahaja ya Lamu, kina utaratibu wake. Penye "ch" ya Kiswahili sanifu mara nyingi kuna "t" (chini ni tini, cheka ni teka), penye "j" kuna "y" (moja ni moya, maji ni mayi), penye "nj" kuna "nd" (njoo ni ndoo, njia ni ndia). Mtoto akiambiwa "umekosea" atadhani maneno ya bibi yake ni mabovu. Akionyeshwa utaratibu huu, ataweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine apendavyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haukusema lahaja nyingine ni makosa. Tenzi nyingi za kale za Pate na Lamu zimeandikwa kwa lahaja za kaskazini, Kiamu kikiwemo, na wasomi wanazihangaikia hadi leo.

Kwa vitendo: nyuma ya daftari mtoto achore safu mbili, "nyumbani" na "darasani", akusanye maneno kama 20. Akimaliza insha kwenye kompyuta, alitafute kila neno la safu ya kwanza kama tulivyomweleza mwanafunzi wa Malindi hapo juu. Likiwa ndani ya maneno ya mhusika, kati ya alama za kunukuu, na mhusika ni mtu wa Lamu, aliache. Likiwa katika masimulizi, alibadilishe. Mwalimu naye tunamwomba asitumie rangi moja kwa kosa na kwa lahaja. Nyekundu iwe ya kosa, na pembeni mwa neno la lahaja aandike "Kiamu" kwa bluu.

Vishikwambi vya mpango wa serikali vimelala stoo miaka mingi. Sasa gredi ya 7 hadi 9 tuko nao shule moja. Vinafaa kwa insha? Vingi haviwaki. — Mwalimu, Mokowe

Vinafaa kwa kuandika, kusoma na kupiga picha. Vilianza kusambazwa mwaka 2016, kwa hiyo usivitarajie vibebe programu mpya nzito.

Kisichowaka kiache kwenye chaja saa mbili kabla ya kukikatia tamaa. Betri iliyokauka kabisa huchelewa kuamka. Kilichovimba mgongo usikichaji wala usikibonyeze, kiweke kando na watu na uwaarifu wahusika. Vinavyopona, visirudi stoo vikiwa vimejaa chaji wala vimekauka: karibu nusu ndiyo salama, na kila miezi miwili vitazamwe. Hewa ya chumvi hula matundu ya kuchajia, basi vihifadhi kwenye sanduku lenye mfuniko unaobana. Kwa insha, kimoja kwa wanafunzi watatu kinatosha: mmoja anaandika, wawili wanasoma kwa sauti na kusimamisha wanapokwama.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ameleta insha safi mno. Nimeiingiza kwenye programu moja ya intaneti ya kubaini maandishi ya akili mnemba, ikanipa asilimia 92. Nataka kumpeleka kwa naibu mwalimu mkuu. Nifanyeje? — Mwalimu wa Kiswahili, Malindi

Usimpeleke bado. Asilimia hiyo si ushahidi. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kibainishi chake Januari 2023 na ikakiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vibainishi 7 kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Kama hali ndiyo hiyo kwa Kiingereza, lugha iliyo na maandishi tele ya kuzifunza mashine hizo, kwa Kiswahili usizitegemee.

Hata pua yako isikudanganye. "Katika ulimwengu wa sasa wa utandawazi" ni ufunguzi wa mashine, ndiyo, lakini pia ni ufunguzi ambao watoto wamekaririshwa darasani miaka na miaka. Sisi walimu ndio tuliowafundisha.

Fanya hivi. Kama insha iliandikwa kwenye Google Docs, mwambie akupe ruhusa ya kuhariri, maana mwenye ruhusa ya kutazama tu hawezi kuona historia. Ingia menyu ya faili, kisha historia ya matoleo. Insha iliyoandikwa hukua polepole, na utaona sentensi zilizofutwa, aya zilizohamishwa, siku mbili tatu tofauti. Iliyobandikwa hutokea yote kwa mara moja. Lakini angalia: aliyeandika kwa mkono au kwenye simu bila mtandao kisha akanakili, naye atakuwa na insha iliyotokea mara moja. Na ukitazama nakala badala ya faili asili, historia haimo.

Kwa hiyo historia ikuongoze kwenye mazungumzo. Mkalishe faraghani dakika kumi. Mwombe aeleze maana ya neno moja gumu alilotumia. Mwulize kwa nini aya ya tatu inafuata ya pili. Kisha mpe karatasi aiendeleze insha kwa aya moja, kwa mkono, mbele yako. Mwenye kazi atajikwaa hapa na pale lakini atakuwa yumo ndani ya hoja yake. Asiye na kazi utamjua, na huenda akakiri mwenyewe.

Swali lako la insha lijalo nalo libadilishe. "Andika insha kuhusu umuhimu wa uvuvi" linajibiwa na mashine kwa sekunde kumi. "Nenda ufukweni samaki wanapopakuliwa, zungumza na mchuuzi mmoja, eleza bei ilivyobadilika kuanzia asubuhi hadi adhuhuri na kwa nini" linamtaka mtoto aende. Mwambie alete na maandishi ya mazungumzo hayo, hata kama yamechafuka.

Hatusemi akili mnemba ifungiwe nje. Mwanafunzi mwenye ruhusa ya mzazi na ya shule anaweza kuitumia kama msomaji mgumu. Aiandikie: "Usiandike upya wala usisahihishe. Niulize maswali matatu kuhusu sehemu ambazo hoja yangu haieleweki." Majibu aandike yeye. Asiingize jina lake, la shule, wala la mtu mwingine. Na kama itamwambia jambo kuhusu ngeli au methali, alikague kwenye kamusi, kwani mashine hizi hubuni methali ambazo hakuna mzee wa Pwani aliyewahi kuzisikia.

Nilifungua faili moja ya Google Docs ili wanafunzi 30 wasahihishane. Ikawa vurugu: mmoja akafuta kazi ya mwenzake, wengine wakaandika "nzuri sana" kila mahali, mtandao ukafa. Niachane nayo? — Mwalimu, Watamu

Usiachane nayo, mwalimu, ila faili moja kwa watu 30 ni soko. Iliyofutwa inarudi: ingia historia ya matoleo, chagua saa iliyotangulia vurugu, irudishe.

Safari ijayo kila mwandishi awe na faili yake, na wasomaji wawili tu. Unapowashirikisha, wape ruhusa ya kutoa maoni, si ya kuhariri. Kwa ruhusa hiyo wanaweza kupendekeza badiliko, likaonekana kwa rangi, na mwenye insha ndiye anayekubali au kukataa. Mtandao ulikufa pengine kwa sababu wote walipitia simu yako. Simu nyingi hazibebi zaidi ya vifaa kumi hivi. Waingie kwa zamu za watu wanane, au waziweke faili zipatikane bila mtandao kabla ya kipindi, wakiwa bado mahali penye mawimbi mazuri. Faili isiyofunguliwa mapema haitafunguka wakati mtandao umekatika.

Na "nzuri sana" ipige marufuku. Kila msomaji ajibu matatu: nakili sentensi unayoona inabeba hoja kuu, onyesha mahali ulipolazimika kusoma mara mbili, taja jambo ulilotaka kujua ambalo halikuandikwa. Dakika 20 zinatosha. Wasomaji wawili wakinakili sentensi mbili tofauti kwa swali la kwanza, mwandishi hahitaji kuambiwa kwamba hoja yake haijatulia. Ameiona kwenye kioo.